Kadi ya Bundala

Mkokoteni ulikuwa mmoja na wateja wawili. Ndivyo walivyokutana, stendi ya Bariadi, asubuhi ya Jumanne moja ya Februari mwaka 2004, basi la Mwanza likiwa bado linatoa moshi na wapagazi wanagombea mizigo ya watu utadhani ni yao.

Maximiliana alikuwa amefuata mikanda ya mashine iliyotumwa na basi hilo. Alivaa gauni la kijani la mikono mifupi na kitambaa cha manjano kichwani, na viatu alivyokuwa amevipiga rangi asubuhi hiyohiyo vilikuwa vimeshakuwa rangi ya vumbi. Alipatana na mwenye mkokoteni, akamlipa, akageuka kidogo kusaini karatasi ya kondakta. Aliporudi akakuta boksi kubwa limefungwa blanketi la mistari na limekaa juu ya mkokoteni wake. Kijana mrefu wa shati jeupe, tai imelegea shingoni, alikuwa amelikumbatia.

"Kaka, huo mkokoteni una mwenyewe."

"Mwenyewe si huyu hapa, dada? Nimeshamlipa."

"Mimi nilimlipa wewe ukiwa bado umekaa ndani ya basi."

Mwenye mkokoteni akaona shati lake limekuwa na kifungo cha kuvutia sana, akaanza kukichezea. Maximiliana alimtazama mpaka akachoka, kisha akalitazama boksi.

"Umembeba nani humo, mama mkwe?"

"Kompyuta. Ikidondoka hii, nami sina kazi." Kijana alijifuta jasho. "Naipeleka jineri ya Mashimba. Nimeambiwa nimtafute karani wa mitambo, Maximiliana. Wanasema ni mkali."

"Ni mkali kweli. Haya, pandisha mikanda yangu, ila usiiweke juu ya mama mkwe."

Wakaongozana hadi kiwandani, kijana akimuuliza huyo karani mkali ana umri gani, ameolewa, anapenda nini, na dada akimjibu bila kucheka. Walipofika getini mlinzi, mzee Mayala, akamwamkia dada kwa Kisukuma, "Mwangaluka, Maximiliana." Kijana akasimama palepale na mpini wa mkokoteni mkononi. Jina lake lilikuwa Novatus, na aibu ile ilimkaa wiki nzima.

Jineri ile, kiwanda cha kuchambua pamba, ilikuwa ya ushirika zamani. Biashara ya pamba ilipoachiwa watu binafsi, Mashimba akainunua, akaleta mashine mpya za kutenganisha nyuzi na mbegu, na pamoja nazo programu ya kompyuta ya kutunza mitambo. Kila mashine ilikuwa na namba yake, na kila ukarabati kadi yake: fundi nani, ameingia saa ngapi, umeme umezimwa saa ngapi, nani ametoa ruhusa uwashwe. Sasa waliotengeneza programu walikuwa wametoa toleo jipya, na toleo hilo halikukubali kukaa juu ya hifadhidata ya zamani. Ilibidi kumbukumbu zote za miaka mitano zihamishwe kwenye hifadhidata nyingine kabla msimu haujafunguliwa mwezi wa saba. Ndiyo kazi iliyomleta Novatus.

Wakawekwa ofisi moja, meza mbili zinatazamana. Mwezi wao wa kwanza pamoja walizungumza kazi. Mwezi wa pili, Novatus alijua kwamba Maximiliana ni mtoto wa mkulima wa pamba wa Mwamapalala, kwamba anakunywa chai bila sukari kwa ubishi tu, na kwamba akifurahi huwa anakaza midomo ili asionekane. Mimi sijui mapenzi huanzia wapi, lakini haya yalianzia kwenye simu. Mtandao wa simu za mkononi ulikuwa mgeni pale mjini, na nyumbani kwa Maximiliana, mtaa wa Somanda, ulishika mahali pamoja tu, kwenye jiwe karibu na bafu. Jioni jua likiwa bado lipo, Novatus alikuwa akimbipu mara moja, naye anatoka na kanga yake kwenda kusimama juu ya jiwe, wifi zake aliokuwa akiishi nao wakimcheka.

"Karani mkali, umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nakula sauti."

"Utakonda. Vocha hiyo si ungenunulia mkate?"

Mwezi Mei, juu ya jiwe hilohilo, akaambiwa jambo ambalo halikuwa la mzaha.

"Max, nataka nije na wazee wangu Mwamapalala. Nijitambulishe kwenu."

Maximiliana alishuka kwenye jiwe, mtandao ukakwaruza, akapanda tena.

"Ngoja kwanza," alisema. "Kuna neno nitakuambia kesho. Ukishalisikia, kama bado unataka kuja, utaniambia."

Kesho yake, saa ya chai, akafunga mlango wa ofisi. Alisema bila kumtazama. Huko kwenye kumbukumbu za zamani atakutana na kadi moja ya mashine namba tatu, ya mwezi wa nane mwaka 2001, ya fundi aitwaye Bundala Machibya. Hiyo asiihamishe. Aiache ife na hifadhidata ya zamani.

"Kwa nini?"

"Bundala alikuwa mchumba wangu. Aliingia ndani ya mashine kubadilisha misumeno inayochana pamba, umeme umezimwa. Mimi ndiye niliyekuwa natoa ruhusa ya kuuwasha. Niliitoa naye bado yumo ndani."

Novatus alitaka kusema kitu. Maximiliana akamkatiza.

"Usinipe pole. Siikumbuki siku ile vizuri, lakini kadi nimeisoma mara nyingi. Ruhusa, saa nne na nusu, jina langu. Siku ya mazishi kule Mwanhuzi mama yake alinitoa mbele za watu, akasema nisikae na wanaolia. Nikaondoka. Alikuwa na haki."

Akaeleza pia kwamba kadi ile hakuwahi kuifunga. Kuifunga kulitaka kuandika kazi imekwisha na imekwishaje, na mkono wake ulikataa. Miaka mitatu kadi ilikuwa wazi, na yeye alikuwa akiingia ofisini kila siku huku anajua kwamba ndani ya kompyuta ile Bundala bado yumo kwenye mashine.

Novatus alimshika mkono juu ya meza. Akaahidi ataiacha.

Hakuiacha, na hapa siwezi kumtetea sana. Usiku ule hakulala, na asubuhi akawaza kwamba mashine namba tatu bado inafanya kazi, bado inaingiwa na mafundi. Bila kadi ile, ingeingia kwenye mfumo mpya ikiwa safi, mashine ambayo haijawahi kugusa mtu. Alishindwa kulifanya hilo. Akaihamisha pamoja na nyingine zote, akajiambia atamweleza Maximiliana polepole. Siku zikapita. Mwanaume akiogopa kumkera mwanamke anayempenda huweza kuahirisha jambo mpaka likamkuta njiani.

Likamkuta. Jumatatu ya kwanza ya mfumo mpya, asubuhi, printa ilitoa orodha ya kazi zisizokamilika, kama itakavyokuwa ikitoa kila siku. Maximiliana akaichukua, akasoma mstari wa kwanza.

*Mashine 3. Fundi: Bundala Machibya. Ameingia 04:10. Hajatoka.*

Mfumo wa zamani ulikuwa ukifumbia macho kadi za misimu iliyopita. Mpya haukufumba. Tena si hilo tu. Kwa hesabu ya kompyuta 04:10 ni saa kumi za alfajiri, na kila kazi aliyoifanya Bundala maishani mwake sasa ilionyesha kwamba aliifanya wakati watu wamelala. Saa nane usiku anapaka grisi. Saa tisa usiku anakaza bolti.

Kabla ya saa ya chai kiwanda kizima kilikuwa kimesikia. Mzee Mayala akaapa kwamba siku za karibuni, akiwa zamu, amesikia nyundo ndani. Mafundi wawili wakasema mashine namba tatu hawaigusi hata wakifukuzwa kazi. Jumanne jina likatoka tena. Jumatano likatoka. Watu wakawa wanapita mbali na ile printa, na Maximiliana, ambaye meza yake ilikuwa karibu nayo, akawa anaitazama inavyovuta karatasi. Hakuwa mtu wa kuamini mizimu. Lakini alianza kutega sikio kila alipopita karibu na mashine, na mara moja, mchana kweupe, alijikuta ameita jina la Bundala kwa sauti ndogo. Hakuna aliyejibu, na hilo ndilo lililomwumiza.

Novatus hakupata nafasi ya kusema naye hadi Jumatano hiyo.

"Uliniahidi," Maximiliana alimwambia.

"Nisikilize, Max. Mashine iliyoua mtu haiwezi—"

"Najua imeua. Mimi ndiye ninayejua kuliko wewe. Nilikwambia kitu ambacho sijamwambia padri, nawe ukakichapisha kwenye karatasi kila mtu asome."

"Na wewe mbona hukuifunga miaka mitatu?" Neno lilimtoka, naye hakulirudisha. "Mimi nakupigia simu kila siku, kumbe nashindana na mtu aliye ndani ya kompyuta."

Maximiliana alivua kitambaa chake kichwani, akakikunja, akakiweka kwenye mkoba. Akaomba likizo ya siku tatu akaondoka. Jioni ile simu ikalia mara moja, mara mbili, mara ya tano. Wifi zake walimwambia aende kwenye jiwe. Aliizima.

Siku hizo tatu hakuna aliyekuwa akimletea habari isipokuwa mzee Kristofa, mkuu wa chumba cha umeme pale kiwandani. Kristofa alikuwa mtu mpole, mzee wa kanisa. Tangu Bundala afe, kila Ijumaa alimletea Maximiliana kibuyu cha maziwa ya mgando kutoka kwa ng'ombe wake, na hakuwahi kukosa. Ijumaa hiyo alipoyaleta alikaa kidogo, akasema yule kijana wa Mwanza amejifungia ofisini, hali chakula, anapekua kadi za zamani moja moja.

Ni kweli alikuwa anapekua. Novatus alikuwa amejua kosa la saa limetokea wapi, na alijiona mjinga kwa kutoliona mapema. Mafundi wa pale waliandika saa kama wanavyozisema. Saa nne asubuhi, fundi anaandika 4. Karani anaingiza 4. Hifadhidata ya zamani iliweka hiyo 4 kama maandishi tu na haikuuliza, lakini mpya ilitaka saa kamili, ikaichukua kuwa saa kumi alfajiri. Ilibidi kila kadi isogezwe mbele saa sita.

Lakini si wote walioandika hivyo. Wengine, hasa waliosoma ufundi chuoni, waliandika kama kompyuta inavyotaka. Ili kuwatenganisha, Novatus akatafuta kitu ambacho mtu haandiki kwa mkono. Akakipata. Hifadhidata ya zamani ilikuwa na safu moja isiyoonekana kwenye skrini ya karani, ambamo kompyuta yenyewe iliweka muhuri wa saa kila mstari ulipoingizwa. Akawa analinganisha. Kadi baada ya kadi, ukishaongeza saa sita, kilichoandikwa na muhuri vilipishana kwa dakika mbili, dakika tano. Karani mkali alikuwa haachi kazi ilale.

Akaifikia kadi ya Bundala. Kuingia, saa nne na dakika kumi. Muhuri, saa nne na dakika kumi na mbili. Ruhusa ya kuwasha umeme, saa nne na nusu. Muhuri, saa sita na dakika arobaini na saba mchana.

Akaisoma tena, kisha akatoka mbio. Hakupiga simu. Alikodi baiskeli mpaka Somanda akamkuta Maximiliana uani anachambua mchele, macho yamevimba.

"Nifukuze baadaye," alisema, akihema. "Nijibu moja tu. Bundala alipelekwa hospitali saa ngapi?"

"Saa tano. Saa tano kasoro. Unataka nini, Novatus?"

"Ruhusa yako iliingizwa kwenye kompyuta karibu saa saba. Uliandika saa nne na nusu, lakini uliiandika mtu ameshakufa. Umeme ulirudi kabla hujasema neno. Nani alikwambia uandike?"

Ungo ukabaki juu ya mapaja yake. Alijaribu kukumbuka, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu siku ile ilifunguka kidogo: ofisi imejaa watu, gauni lake lina damu, hasikii vizuri, na nyuma yake mtu amemwekea mkono begani anamsemesha taratibu. Andika, binti yangu. Kadi haiwezi kubaki bila ruhusa. Andika saa nne na nusu.

"Kristofa," alisema.

Walikwenda pamoja, lakini kwenye chumba cha umeme Maximiliana aliingia peke yake. Novatus alibaki nje ya mlango. Kristofa alikuwa amekaa kwenye kiti chake chini ya swichi kubwa, na alipoona mkononi mwa Maximiliana kadi ile imechapishwa hakujifanya hajui.

"Pamba ilikuwa imejaa uwanjani, watu wanapiga kelele," alisema. "Nilidhani amekwisha kutoka. Nilidhani tu, sikuuliza. Nikawasha."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa binti mdogo, umefiwa. Nilijua watakuhurumia, hakuna atakayekufunga. Mimi nilikuwa na watoto saba."

"Baba Kristofa, nimekunywa maziwa yako miaka mitatu."

Mzee aliinamisha kichwa. "Nilikuwa nakuja kuona kama bado unaishi," alisema.

Maximiliana alikuwa amejiandaa kupiga kelele. Badala yake aliona amechoka mno, akatoka. Jumatatu Kristofa hakuja kazini. Alikuwa amevaa suti yake ya kanisani, akaenda mwenyewe kituo cha polisi, na watu wa Bariadi waliligeuza jambo hilo kila upande kwa mwezi mzima. Mimi siongezi langu.

Siku hiyohiyo Maximiliana alikaa mbele ya kompyuta, Novatus akiwa amesimama dirishani kumpa nafasi. Akaifungua kadi. Kwenye nafasi ya sababu ya kufunga akaandika: *Fundi alifariki ndani ya mashine. Umeme uliwashwa bila ruhusa ya karani.* Akabonyeza. Kesho yake asubuhi printa ikatoa orodha, na jina halikuwamo. Alisoma karatasi ile mpaka chini, akairudia kutoka juu, na alipojigundua anamtafuta, alilia kilio ambacho hakuruhusiwa kukilia kule Mwanhuzi. Novatus hakumnyamazisha. Alisema tu, "Nisamehe kwa lile neno la kushindana. Kama ni kushindana, na mimi nimeshindwa, nitakaa hapahapa." Maximiliana alimsogezea kiti.

Jumapili iliyofuata wakapanda basi kwenda Mwanhuzi. Huko ni kukavu kuliko Bariadi, ng'ombe wengi kuliko watu. Milembe, mama yake Bundala, alikuwa anapepeta mtama mbele ya nyumba, mama mnene mwenye kanga mbili, na alipomwona mgeni wake akaacha kupepeta. Maximiliana alipiga magoti mbali, pale alipoishia siku ya mazishi.

"Mwadila, mayu," aliamkia, akimwita mama kwa Kisukuma.

Milembe hakuitikia. Maximiliana akasema yote kutoka pale chini, kuhusu umeme, kuhusu Kristofa, kuhusu saa iliyoandikwa. Hakujitetea na hakuharakisha. Alipomaliza, Novatus, aliyesimama kwenye kivuli cha ghala na shati lake jeupe, alikuwa anahesabu vidole.

"Padri alikwishanitumia habari," Milembe alisema mwishowe. "Sikukungoja uniambie hilo. Nimekungoja uniambie jingine." Sauti yake ilikatika, akaisafisha. "Wewe ndiye uliyesema naye mwisho. Miaka mitatu nimetaka kukuuliza, na ni mimi niliyekufukuza. Alisema nini, ng'wanone, mwanangu?"

Maximiliana alifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Alikuja kuchukua kadi. Akasema nimwekee kiazi kimoja kikubwa, nisimpe fundi mwenzake Salu, kwa sababu jana yake Salu alikula vyote."

Milembe alimtazama. Kisha kicheko kikamtoka, kifupi, cha mtu anayemjua mwanawe na tumbo lake, na kicheko hicho kikageuka katikati. Alilia kwa sauti, na Maximiliana akalia, kila mmoja mahali pake, mpaka mama akapigapiga kigoda kilichokuwa kando yake.

"Njoo ukae na mimi," alisema.

Akaenda akakaa. Walikaa hivyo, mabega yanagusana, mtama ukiwa kwenye ungo na kuku wanaunyemelea. Baada ya muda Milembe akainua kidevu kuelekea kwenye ghala.

"Na yule aliyejificha pale ni nani?"

Novatus alisikia swali. Alijua kwamba jibu lolote lingefaa, kwamba angeweza kuitwa mfanyakazi mwenzake, au mtu wa kompyuta, naye asilalamike. Maximiliana alimshika Milembe mkono kwanza.

"Ni mchumba wangu, mama," alisema. "Nilikuwa naomba ruhusa yako."

Mama wa Bundala alimtazama kijana yule kuanzia viatu mpaka tai. Halafu akamwita kwa mkono, akamwambia asogee, awafukuze wale kuku.